Maji Yakishafika Kwenye Ndoo Si ya Chini Tena

Ndugu Afisa wa Vibali vya Maji,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi hujambo. Mimi ni yule dobi mwenye kisima nyuma ya nyumba. Karani wako amenipa siku kumi na nne nipate kibali, la sivyo kisima kifungwe. Bila kisima mimi si dobi, ni mtu mwenye pasi tu. Naogopa kweli, lakini nina hoja.

1. Barua yenu inanikataza kutumia "maji yaliyo chini ya ardhi". Haki ya Mungu, sijawahi! Huko chini sijafika hata siku moja. Mimi husubiri yapande kwenye ndoo, na yakifika hapo yako juu ya ardhi, tena juu ya stuli.

2. Fomu inauliza kama matumizi ni ya nyumbani au ya biashara. Shati la mteja na gauni la mke wangu hulowekwa beseni moja, kwa hiyo nilijibu "ndiyo". Karani akanuna.

3. Penye jina la mwenye maji nilimwandika mama mkwe, maana ndiye aliyegharamia kuchimba. Sasa kila nikishika kamba ananiuliza kibali changu kiko wapi. Haya mmeyaleta ninyi.

4. Miti ya mbele ya ofisi yenu hunywa maji huko huko chini, mchana kweupe. Nimeihesabu, iko tisa. Nayo ipewe siku kumi na nne.

5. Nguo nikizianika hudondosha maji, yakarudi ardhini, tena na sabuni juu. Mimi basi si mtumiaji, ni mchangiaji. Naomba cheti cha shukrani.

Kwa kifupi, kila mtu ateke kwake, asiulizwe na mtu.

Nisalimie karani, dada wa mapokezi na mlinzi wa getini, ambaye suruali yake imetakata.

Ni mimi, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji,
Dobi wa Nyuma ya Shule

Nimesahau: jirani kachimba kisima juzi, hatua kumi tu kutoka changu, katia na pampu. Leo ndoo yangu imepanda na tope. Hana kibali huyo! Kwani ofisi yenu iko wapi watu wakichimba ovyo namna hii? Mje leo leo mkamfungie, na kibali changu mje nacho kimeshagongwa muhuri.