Tangu Mfungue Madirisha, Hakuna Anayeanguka

Peckham, London
Jumanne

Kwa Mchungaji Fanuel,

Bwana asifiwe, Mchungaji, na madirisha yafungwe.

Mimi ni Eddie Mwandawiro wa protokali, yule anayesimama nyuma ya waumini unapowawekea mikono, ili wakianguka wasipasue vichwa. Kazi hiyo nimeifanya miaka sita katika ukumbi wetu wa juu ya saluni, na sijaponyokwa na mtu hata mmoja. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini kwa uchungu, maana nimeambiwa kuwa waangukaji wamekwisha na mimi nitahamishiwa kazi ya kuongoza magari. Kanisa lina magari mawili, Mchungaji, na moja ni lako.

Chanzo ni Dada Maureen. Huyu ni nesi, na unesi umempanda kichwani. Alileta kidude cha kupima hewa chafu tunayoitoa puani, akakiweka juu ya spika, akatangaza kuwa hewa ya nje inasoma mia nne na kitu, na yetu elfu tatu na mia tano kabla hata ya sadaka. Kisha akawaambia wazee: "Hawa hawajashukiwa na Roho. Wamekosa hewa." Nanyi wazee wazima, badala ya kumkemea, mkatafuta bisibisi mkabandua rangi iliyogandisha madirisha tangu tuhamie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna anayeanguka. Dada Bijou, ambaye kila Jumapili alikuwa chini kabla ya wimbo wa pili kwisha, sasa anasimama wima hadi baraka za mwisho. Juzi nilimkingia mikono nyuma yake dakika arobaini, mwishowe akageuka kuniuliza kama nina shida. Nilitahayari.

2. Waumini hawasinzii tena, na hili halikusaidii wewe. Zamani mahubiri yako yalipokelewa kwa vichwa vilivyoinama, tukauita unyenyekevu. Sasa wanaandika. Mzee mmoja amegundua kuwa mahubiri ya juzi ni yale ya Pasaka, na hata ulipokohoa ni pale pale.

3. Maombi yanatoka nje. Chini ya madirisha yetu kuna kituo cha basi, na wanaosubiri basi sasa wanajua ni nani kwetu anayemwomba Mungu amwondoe bosi wake, tena kwa jina.

4. Baridi. Kina mama wanaabudu na makoti mazito, na mtu aliyevaa koti la namna hiyo hata akianguka hahitaji kudakwa.

5. Kama kweli ni hewa iliyokuwa ikiwaangusha, mimi miaka sita nilikuwa nikidaka nini? Swali hili naomba lisijibiwe. Siku za kazi nasafisha ofisi za watu wasiojua jina langu, Mchungaji. Ni Jumapili tu ambapo mtu anajiachilia mzima mzima akiamini kuwa nipo nyuma yake. Hilo linaniuma kuliko baridi.

Kwa hiyo naomba madirisha yafungwe, kidude kirudi kilikotoka, na Dada Maureen ndiye aongoze magari, maana huko hewa ni tele.

Nisalimie Mama Mchungaji, wazee wote na bisibisi yao, kwaya, na Dada Bijou. Dada Maureen msalimie pia, ila kwa ufupi.

Wako mtiifu, mwenye mikono mitupu,
Eddie Mwandawiro

Nyongeza, Alhamisi asubuhi: Bahasha nimeifungua tena. Jana kabla ya maombi ya katikati ya wiki niliwahi ukumbini, nikafunga madirisha yote na kuwasha hita, ili barua hii iende na ushahidi. Kidude kilipanda hadi elfu nne, na mtu akaanguka kweli, mbele ya macho yako, kabla hata ya wimbo wa kwanza. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, kwa kuwa wa kusimama nyuma ni mimi. Dada Maureen aliruka viti viwili akanidaka kichwa, akafungua dirisha, akakaa nami sakafuni hadi nikapata pumzi. Hakuuliza nani aliyefunga. Jumapili nitaanza na yale magari mawili.