Samaki wa Kubana Matumizi

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi, ambaye naishi kwake, kanitega asubuhi, kabla sijamaliza kufunga tai. Kasema chama chetu kiliomba kura kwa ahadi moja: hakiingii kipya mpaka kitoke cha zamani cha bei ileile. Je, tunaitimiza? Nikasema bila shaka. Akasema hajauliza habari za shaka zangu, kauliza kama tunaitimiza.

Aibu gani hii! Mimi ni naibu katibu wa baraza la mji, chama ndicho kinachoshika baraza, na ahadi yenyewe imeandikwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa korido yetu, herufi kubwa kama tangazo la magodoro. Naipita kila siku. Sijawahi kujiuliza. Sasa inaniwasha kweli. Nitapeleleza.

Isitoshe, nina shida yangu binafsi: kiti. Mguu mmoja umelegea, kwa hiyo vikaoni nainamia kushoto, na wajumbe wanadhani napinga hoja. Nimeomba kipya mpaka nimechoka. Mweka hazina, ambaye jengo zima linamwita Breki, hujibu vilevile kila mara: kitoke nini?

Jumanne, 4 Juni

Upelelezi umeanza. Nimeanzia kwenye mapazia mapya ya Mwenyekiti wa baraza. Mazito, ya zambarau, yanaburuta sakafuni. Haya yameingia. Kimetoka nini? Nimemuuliza mama wa usafi. Kasema ya zamani hayajatoka, yamehamia dirisha la pili. Makubwa!

Nikaenda kwa Breki, nikajifanya naazima stepla. Bila kuinua macho kasema kilichotoka ni daraja. Daraja gani tena? La waenda kwa miguu, pale kwenye mtaro nyuma ya shule. Lilikuwa kwenye bajeti, likafutwa, mapazia yakapatikana. Nikamwambia mbona nasikia daraja hilohilo lilifutwa mwaka juzi kwa ajili ya zulia. Kasema na mwaka jana pia, kwa ajili ya semina ya kubana matumizi. Kila mwaka linaingia, kila mwaka linatoka, na halijawahi kugharimu hata msumari. Uso ukamng'aa kama mtu anayemsifia mwanawe.

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Nilivutiwa! Ahadi inatimizwa neno kwa neno, ila kinachotoka ni kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Jioni nimepita pale mtaroni kuona kwa macho yangu. Watoto wanaruka. Mmoja alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine anakitafuta kwenye matope. Nimemsaidia kukitafuta, hatukukipata.

Kisha nikarudi nyumbani nikiwaza: nataka daraja langu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwomba Breki aniazime daraja kwa ajili ya kiti. Kakataa katakata. Kasema la mwaka huu limeshatumika lote.

Basi nitabuni langu. Kinatakiwa kitu cha kipuuzi, ambacho kikifutwa hakuna atakayelia, na bei yake iwe sawa na ya kiti. Kiti nimeshakichagua: kina magurudumu, kinalala nyuma ukikiegemea. Mwenye duka kaniacha nikae mpaka akaniuliza kama nanunua au nahamia.

Jibu nimelipata mchana huu. Tangi la samaki wa mapambo! Na pampu yake, na mawe ya rangi. Kesho nawasilisha hoja, wajumbe wanacheka, naiondoa kwa huzuni, baraza limeokoa fedha, kiti kinaingia. Kazi kwisha. Ili isionekane ya uongo nimeiandika kwa moyo wote. Nimeeleza kwamba samaki humtuliza mwananchi anayesubiri kulalamikia ushuru wa takataka. Niliposoma tena, hata mimi nilitulia kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Nilipokuwa nasoma hoja, Mwenyekiti alifumba macho. Nikadhani kasinzia. Kumbe anawaona samaki! Kasimama, kasema hii ndiyo serikali yenye moyo, na kwamba kwa miaka yote hakujua kama pale kwenye kona kuna mtu mwenye fikra. Makofi. Nilifungua mdomo niiondoe hoja, lakini Mheshimiwa alikuwa amenishika bega. Katika jengo lile sijawahi kushikwa bega na mtu yeyote.

Breki kauliza kitoke nini. Kajijibu mwenyewe: magazeti ya chumba cha kusomea cha baraza, maana yanasomwa na wastaafu wachache tu.

Mmoja wa wastaafu hao ni Shangazi. Kila asubuhi huwasomea wenzake wawili kwa sauti, maana macho yao yamekwisha, na wanabishana mpaka chai inapoa. Hiyo ndiyo raha yake pekee. Mwenyekiti kauliza kama napinga, kwa sababu nilikuwa nimeinama kushoto. Bega langu bado lilikuwa na joto la mkono wake. Nikajiweka wima. Nikasema naunga mkono.

Jumatatu, 10 Juni

Samaki wamefika. Wamewekwa ukumbini, mkabala na dirisha la malipo. Nimewatazama wananchi kwa makini, maana nataka kujua kama nadharia yangu ina ukweli. Hakuna aliyetulia. Mzee mmoja kauliza kama hao samaki nao wanalipa ushuru, na foleni nzima ikataka kujibiwa.

Nyumbani kimya. Shangazi kaenda chumba cha kusomea, kakuta meza tupu na tangazo lenye sahihi yangu. Akigomba najua pa kujificha. Akinyamaza sijui.

Mezani nikajitetea. Nikamweleza kwamba sasa jibu la swali lake ninalo: ahadi inatimizwa, kimeingia kitu, kimetoka kitu. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kauliza kama naiona kanuni hiyo ni nzuri. Nikasema ni nzuri sana. Akasema haya, mwanangu.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi kazini nikakuta sanduku langu sebuleni. Chumbani kwangu kuna fundi cherehani, na cherehani yake, na marobota ya vitambaa mpaka dirishani. Kanisalimia kwa adabu, kauliza kama nimepotea.

Shangazi kanieleza taratibu, kama unavyomfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Magazeti yameingia nyumbani, chumba changu kimetoka. Kodi ya fundi inatosha magazeti kamili, haizidi wala haipungui. Kasema alitafuta daraja la kufuta, hakulipata, maana yeye hununua vitu vilivyopo tu.

Wale wenzake wawili walikuwa kibarazani tayari, wamenyoosha shingo wanasikiliza. Alikuwa anawasomea habari za baraza letu. Walicheka sana, na nilipopita wakanyamaza kwa heshima.

Kwa hiyo upelelezi umekamilika. Katika mji huu kuna mtu mmoja anayeishi kwa kanuni ya chama, na hata kadi ya chama hana. Nilitaka kumwomba radhi. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasema chai imekolea vizuri. Sasa nalala kwenye kochi, miguu iko nje, na fundi huanza kushona kabla ya jogoo.

Jumapili, 16 Juni

Nimetafakari sana hapa kochini, na kosa langu nimeligundua. Tangi lilikuwa dogo mno! Na samaki wanapendeza. Nani angekataa?

Safari hii nimechagua kitu ambacho hakuna baraza lenye akili timamu litakalokipitisha: sanamu ya Mwenyekiti juu ya farasi, ya saruji, ndefu kuliko jengo lenyewe. Ikifutwa, tutaokoa fedha za magazeti, kiti, chumba changu, na daraja la kweli la watoto. Shangazi atanisamehe bila hata kuombwa. Ijumaa nimepeleka hoja. Nimeiandika kwa moyo wote.

Leo mchana Mwenyekiti kaniita nyumbani kwake. Kauliza upande upi wa uso wake ni mzuri zaidi, na kama farasi anaweza kunyanyua miguu ya mbele. Kisha kamwita mwashi ampime mabega. Dalili njema! Mtu anayedadisi hivyo anatafuta sababu ya kukataa.

Breki naye alikuwepo. Kauliza, kama kawaida yake, kitoke nini cha bei kama hiyo, labda mshahara wa mtu kwa miaka kadhaa. Kisha akanitazama muda mrefu, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, akaniuliza nina umri gani.

Nadhani tumeanza kuelewana.