Azimio Dhidi ya Wasomi wa Najma

Ijumaa, tarehe 8 Agosti 2025, saa tisa kasorobo alasiri, joto likiwa nyuzi arobaini na tatu kwa mujibu wa kipimajoto, chombo ambacho kufikia hapo kilikuwa hakijatiliwa shaka, Mwenyekiti Cornelius alisimama mbele ya chama cha walinzi Wakenya katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Najma, Doha, akatangaza ukombozi.

Kwa miezi mingi, kibandani pake pa ulinzi, alikuwa akiwasikiliza kwenye simu wanasiasa wa mrengo wa kulia wa Marekani. Walimfumbua macho: maprofesa, madaktari na wanaohesabu kura ni genge moja. Marekani ilikuwa imewafichua wasomi wake. Je, Najma ilale?

"Kwa mujibu wa mamlaka niliyokabidhiwa," alisema, "mwenye shahada hatashika wadhifa chamani asipotubu. Aidha, ushahidi, silaha kuu ya wasomi, umepigwa marufuku."

Makofi yakarindima. Uchaguzi ulikuwa nusu saa mbele, na mpinzani wake, Jerusha, alikuwa na shahada ya takwimu.

Tatizo dogo likajitokeza. Theluthi mbili ya walinzi wale walikuwa na shahada. Ndiyo maana walikuwa walinzi.

"Kevin, wewe si injinia?"

"Mimi? Wah, Chairman, hiyo digrii nilisukumiwa tu. Sikushika kitu."

Akasafishwa. Jerusha akasema yake ililiwa na mchwa, na hakuna aliyeililia. Herbert, mwalimu wa fizikia, akaikana kwa sauti ya chini digrii ambayo mamake aliiuzia shamba. Cornelius akatabasamu kizalendo.

Jerusha akainua mkono. "Mheshimiwa, sisi tumetubu. Wewe je?"

"Sina la kutubu. Niliishia kidato cha nne."

"Hivyo ndivyo anavyosema msomi aliyejificha."

"Na hicho Kiswahili!" Kevin akadakia. "'Aidha'! Huyo ni profesa, maze."

Ukumbi ukaguna. Cornelius, aliyeishi akijivunia shule yake ya bweni, kwa mara ya kwanza alitamani aaminiwe kwamba alifeli.

"Nitaleta matokeo yangu!"

"Huo si ushahidi?" akauliza Jerusha kwa upole.

Cornelius akamgeukia Herbert. "Ndugu yangu, tulilala bweni moja. Nani alikutafutia kazi hapa Doha? Nilipe leo. Waambie nilifeli."

Herbert akasimama, akavuta kiti cha mwenyekiti, akamsogezea Jerusha.

"Fadhila yako naijua, kaka," alisema. "Silipi."