Hatua Arobaini na Saba Kwenda Kansas

Napenda kuutangazia umma, kwa niaba ya Uongozi na kwa furaha isiyopimika, kwamba Kampuni ya Vifuniko ya Brockmeyer imehamisha makao yake makuu kutoka jimbo la Missouri kwenda jimbo la Kansas, kwamba uhamisho huo ulifanikiwa kwa asilimia mia moja, na kwamba makao makuu hayo bado yako Missouri. Maelezo yafuatayo yatawasaidia wadau kuona kuwa hapa hakuna mkanganyiko wowote.

Mimi ni Royce Halvorsen. Wakati huo nilikuwa Mkurugenzi wa Mabadiliko ya Kijiografia. Kampuni yetu hutengeneza vifuniko vya vikombe vya kahawa. Vikombe hatutengenezi, kila mtu na kazi yake.

Mji wetu wa Kansas City umekatwa na mpaka wa majimbo mawili, na mpaka wenyewe ni barabara. Upande huu Missouri, upande ule Kansas. Jengo letu la zamani lilikuwa upande huu. Jipya lilikuwa upande ule, mkabala kabisa. Nilipima umbali mwenyewe kwa miguu: hatua arobaini na saba, ukiacha muda wa kusubiri taa.

Watu wenye roho mbaya waliuliza hatua arobaini na saba zinahitaji kamati ngapi. Zilikuwa sita. Kamati ya Kuzoea Mazingira ilitulaza wakurugenzi kumi na wanne hotelini Kansas wiki nzima, ili miili izoee hali ya hewa. Siku ya pili nilishikwa na mafua, jambo lililothibitisha kwamba tahadhari ile ilikuwa ya lazima. Malori ya samani yalizunguka mitaa mitatu kwa sababu pale mbele hairuhusiwi kukata kona, na meza ya Mkurugenzi Mkuu ikapotea njiani siku mbili.

Sasa, kwa nini tuhame? Ng'ambo kulikuwa na nafuu ya kodi kwa kampuni itakayoleta nafasi mpya za kazi. Sisi tulikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, wote wa zamani. Mkurugenzi Mkuu wetu, Bwana Prescott Brockmeyer, mjukuu wa mwanzilishi, alipata ufumbuzi huku akitafuna mbavu za kuchoma: Ijumaa saa tano kila mtu ajiuzulu Missouri, Jumatatu saa tatu kila mtu aajiriwe Kansas, mpya kabisa, miaka yake ya utumishi ikianzia sifuri. Tulipiga makofi mpaka mchuzi ukaturukia mashati.

Wote walikubali, isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Bi. Lorene Kuczek, karani wa masjala ya wafanyakazi, mama wa miaka sitini na miwili, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Nikamfuata mwenyewe na barua.

“Bi. Lorene, saini hapa tu. Jumatatu unakuwa mtu mpya.”

“Mpya kwa magoti haya?” akauliza bila kuinua macho. “Royce, nimebakiza mwezi mmoja nitimize miaka thelathini. Nikitimiza, kampuni inatulipia bima ya matibabu, mimi na mume wangu, mpaka tunakufa. Earl anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nikisaini hiki kikaratasi chako, nasubiri mpaka nifike miaka tisini na miwili. Na Earl naye asubiri?”

“Suala la Earl liko nje ya hadidu za rejea.”

“Ala! Basi na saini yangu iko hukohuko nje. Nenda kanywe maji, mwanangu.”

Niliumia. Mama huyu ndiye aliyenifundisha kutumia stepla.

Nikapeleka taarifa kwa Bwana Brockmeyer. “Mwache,” akasema. “Jumatatu atajikuta peke yake kwenye jengo tupu. Utamwona anavuka barabara mbio.”

Ijumaa, mbele ya wapiga picha, Bwana Brockmeyer alikuwa wa kwanza kusaini barua ya kujiuzulu, kwa kalamu ya babu yake. Nikafuata mimi. Ili mfano wa uongozi ukamilike, tukajiuzulu na ujumbe wa bodi pia. Bodi ilikuwa yeye, mkewe na mimi, na wote watatu tulisaini.

Jumatatu tulikuta utepe, maputo, na mlango umefungwa. Mlinzi wa kukodi, aitwaye Dwayne, alikuwa amesimama mbele yake.

“Kitambulisho cha kazi?”

“Mimi ni Mkurugenzi Mkuu!” akafoka Bwana Brockmeyer.

“Ulikuwa. Nilikuona kwenye televisheni Ijumaa unaacha kazi. Mimi nimeambiwa waingie wafanyakazi tu. Nionyesheni hata mmoja.”

Mwanasheria wetu akafungua jalada la kanuni, akasoma, akakaa chini kwenye ngazi.

“Fomu ya ajira lazima isainiwe na mfanyakazi wa kampuni,” akasema.

“Si usaini basi!”

“Nilijiuzulu Ijumaa, bosi. Ulinipa mkono.”

Watu mia mbili na kumi na mmoja tukageuza shingo kwa pamoja. Ng'ambo ya barabara, dirishani, Bi. Lorene alikuwa anamwagilia ua lake.

Tukavuka kurudi Missouri. Tulipofika masjala, alikuwa ameshapanga viti na karatasi za namba. Namba moja alikuwa Otis Tubbs, fundi wa mashine ya kukata. Bwana Brockmeyer alipata namba mia mbili na nne, kwa kuwa alibaki nyuma akigombana na Dwayne. Zamu yake ilifika baada ya chakula cha mchana.

“Jina?”

“Lorene, acha utani.”

“Jina. Kwa herufi kubwa.”

Akaandika.

“Kazi yako ya mwisho?”

“Mkurugenzi Mkuu wa kampuni hii! Unajua!”

“Sababu ya kuacha?”

Bi. Lorene akavaa miwani, akaisoma barua ya Ijumaa kwa sauti. “‘Najiuzulu kwa hiari yangu na kwa furaha kubwa.’ Mh! Una tabia hii ya kuachaacha kazi siku nyingi?”

Foleni nzima ilicheka, watu wakajishika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa namba mia mbili na tano.

“Nitakufukuza!” akasema Bwana Brockmeyer.

“Ajiriwa kwanza.”

Kwa bahati mbaya kwenye kanuni za kampuni kulikuwa na kifungu cha arobaini, nilichokiandika mimi mwenyewe, kisemacho kwamba nafasi yoyote iliyo wazi itakaimiwa na mfanyakazi mwandamizi aliyepo. Nafasi zote zilikuwa wazi, na aliyepo alikuwa mmoja. Kabla ya saa kumi, Kaimu Mkurugenzi Mkuu Lorene Kuczek alitoa waraka: wote wa viwandani na maofisini wanarudishiwa miaka yao ya utumishi.

“Lakini Kansas wameahidiwa nafasi mpya!” nikasema.

“Watapata. Wakurugenzi si mko kumi na wanne? Mlitaka upya, haya, huo hapo.”

Hivyo ndivyo uhamisho ulivyofanikiwa. Jengo la Kansas linatumika kuwafunda wafanyakazi wapya walio kwenye majaribio, yaani sisi. Nafuu ya kodi ya watu kumi na wanne inatosha kununulia balbu. Magari yetu tunayaegesha kando ya mapipa ya taka, na kila asubuhi tunavuka hatua arobaini na saba kuripoti makao makuu.

Mwezi ulipotimia, tulimfanyia Bi. Lorene tafrija ya kustaafu. Earl alikuja na suti. Cheti cha bima kilisomwa kwa sauti, na mama yule akalia bila kuficha. Ukaimu alimwachia Otis Tubbs, mwenye miaka ishirini na saba kazini. Mbavu zilikuwa nzuri. Sahani alizibeba Bwana Brockmeyer.

Watu walipoanza kutawanyika, akamsogelea Bi. Lorene, aproni bado kiunoni.

“Samahani, Bi. Lorene,” akanong'ona. “Hiyo bima ya matibabu… mke wangu naye mgongo unamsumbua. Sisi tunaipataje?”

Bi. Lorene akampigapiga begani.

“Kazana tu, mwanangu. Umebakiza miaka ishirini na tisa na miezi kumi na moja.”