Tembo Lilipita Bonde la Mhina

Jumatatu, 9 Juni 1997

Siku kubwa! Amefika mtaalamu wa wanyamapori kutoka Korogwe, Bibi Ruthi Leboo. Binti wa wafugaji wa huku huku Handeni, amesoma mpaka chuo kikuu. Ana ramani kubwa kama shuka. Alieleza hivi: hali ya hewa inabadilika, mvua zinapungua, miaka ijayo mbuga zetu zitakauka. Tembo watahitaji njia ya kwenda kwenye milima yenye maji. Njia hiyo inaitwa ushoroba. Tembo ni mzito, hapendi mwinuko mkali, kwa hiyo njia itafuata bonde lenye mteremko wa taratibu. Kijijini tuna mabonde mawili tu: la jirani yangu Mhina na letu. Moja litafungwa. Hakuna jembe tena humo. Mwenye shamba atapewa ardhi nyingine.

Bonde letu! Shamba la mke wangu Tatu, aliloachiwa na marehemu mama yake. Tatu alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta. Kisha akasema kwamba shamba hilo likienda, naye anarudi kwa kaka zake Korogwe. Hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo mbaya.

Habari njema: nimeteuliwa karani wa kazi hii. Kijiji kizima, mwenye C ya Jiografia ya kidato cha nne ni mimi peke yangu. Litakalofungwa ni bonde la Mhina. Nimeamua.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshinda na ramani. Mistari ya kontua ikibanana, mwinuko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare. Bonde letu mistari yake imeachana kama ndugu waliogombania urithi. Tembo atapita humo akipiga mluzi. Bonde la Mhina nalo si baya, ila huku juu mistari mitatu imebanana. Hatari kwetu!

Bibi Ruthi alikwenda kula. Nina penseli. Nina rula. Nimeongeza mistari minne katikati ya shamba la Tatu. Kazi safi! Huwezi kuitofautisha na ya serikali.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi Bibi Ruthi aliitazama ramani. Akaitazama tena. Akasema kwamba kwa mujibu wa karatasi hii, katikati ya mahindi ya Bi Tatu kuna mwamba wa mita themanini, na angependa kuuona. Tukaenda. Tukasimama katikati ya mahindi.

Nkoitiko, mfugaji wa jirani, alikuwa pembeni na ng'ombe wake. Aliniuliza huo mlima nimeupeleka malishoni wapi, na kama utarudi zizini jioni. Bibi Ruthi alitoa kifutio, akafuta polepole. Akasema alijua nchi inabadilika, ila hakujua kama ni kwa kasi hii.

Kisha akasema ramani peke yake haitoshi. Anataka ushuhuda wa wazee: zamani tembo walipita wapi? Wa kuukusanya ni mimi. Mimi tena! Huyu dada hajifunzi kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikwenda kwa Mzee Hiza, mzee kuliko wote kijijini. Nilibeba sukari na ugoro wa kumlainisha. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza zamani tembo walipita wapi. Hata mfuko sijafungua, akajibu: bonde la Mhina! Miaka na miaka! Nilitamani kumkumbatia.

Nimeandika kila neno. Tatizo, Mzee Hiza hakwenda shule, na ngeli zinampiga chenga. Anasema “tembo lilipita”, “tembo lile”. Labda ni kwa ajili ya ukubwa wa mnyama. Nimesahihisha kote: “tembo walipita”, “tembo wale”. Sehemu kumi na moja. Karani aliyesoma hapeleki makosa kwa mtaalamu.

Taarifa inasisimua. Tembo walipita kila baada ya mavuno. Walitoka Mazingara kwenda Mkata. Milima mikali hawakupanda. Waliwaangusha wanaume wengi wenye nguvu. Baba yake Mhina walimlaza njiani tangu asubuhi hadi magharibi, akainuka akiimba. Mtu shupavu, lazima nikiri.

Sukari nimerudi nayo. Ugoro ulibaki kwake.

Ijumaa, 13 Juni

Mhina amepata habari. Tangu ushirika ufe, amekodi godauni la ushirika huo anauza mitumba, na kichwa kimemvimba. Leo amewagawia kofia wajumbe wa kamati ya kijiji itakayopitisha njia. Za sufu! Kwa joto hili! Wamezivaa.

Alipita mbele yangu, akaniita Bwana Mistari, akauliza kama kipara changu nacho kimo kwenye ramani. Jibu kali nililipata baada ya saa mbili, nikiwa peke yangu. Nililitamka hata hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Mkutano ulifanyika godaunini, kati ya marobota ya mitumba. Bibi Ruthi alisoma taarifa yangu kwa sauti. Mhina uso ulimshuka. Nilimtazama Tatu ili aone ana mume wa namna gani.

Alipofika sehemu ya baba yake Mhina, Bibi Ruthi alisita. Akamgeukia Mzee Hiza, akamuuliza kwa heshima tembo hao walikuwa wangapi kwa safari moja.

Mzee alihesabu kwa vidole. “Mitungi minne, mwanangu. Na kibuyu kimoja cha wazee.”

Tembo la miwa! Pombe! Lilipikwa Mazingara, kinamama wakalibeba kichwani kwenda kuliuza Mkata. Godauni zima lilipasuka kwa kicheko. Mhina alianguka juu ya robota. Mzee Hiza alikasirika, akasema yeye alitamka vizuri, tembo lilipita, na karani asiyejua tofauti ya mnyama na kinywaji arudishwe darasani.

Nilidhani yameisha. Bibi Ruthi hakucheka. Aliuliza hao kinamama walikanyaga wapi hasa. Mzee akasema waliingia bonde la Mhina, lakini huku juu pana mahali panapobana, mtungi unamwagika. Basi kabla ya hapo walikatiza kwenye kilima, pale kilipoinama, wakashukia bonde la mama yake Tatu. Tambarare mpaka mwisho, tone halikuanguka! Nkoitiko akaongeza kwamba ng'ombe wake hukatiza hapo hapo, na mwaka ule wa ukame hata tembo wenye mikonga walifuata njia hiyo.

Bibi Ruthi akachora mstari mwekundu. Akasema njia inayomfaa mama mwenye mtungi kichwani inamfaa pia mnyama wa tani tano. Akanishukuru. Hajapata kuletewa taarifa yenye manufaa kama hii.

Kamati ikapitisha. Mhina amepoteza kona moja, ya mawe. Sisi tumepoteza shamba zima.

Jumapili, 15 Juni

Tatu ameondoka na basi la asubuhi. Kamati imetupa mashamba matatu tuchague moja. Alisema nichague lenye udongo ambao mama yake angeukubali, na kwa hisani yangu nimuulize mtu anayeijua ardhi. Nikipata zuri, atarudi kabla ya vuli. Nikipata baya, nisijisumbue kumwandikia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimechagua! Sikumuuliza mtu. Ramani ipo, ya nini kuuliza?

Shamba la kwanza lina mistari miwili. La pili, mitatu. La tatu, hakuna hata mstari mmoja! Tambarare kama meza. Duara safi, udongo mweusi, kichuguu hakuna. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kulilima. Uvivu wa watu! Nimetia sahihi palepale. Mhina alisaini kama shahidi, mbio mbio, akanipongeza kwa moyo wote. Naona ameanza kuniheshimu.

Nkoitiko alisimamisha ng'ombe wake, akasema hapo ndipo maji ya kijiji kizima huja kulala. Yeye hunyweshea hapo vuli ikianza, hadi Machi. Akauliza kama nimeshaagiza mtumbwi. Nilimfunulia ramani, nikamtaka anionyeshe rangi ya bluu iko wapi. Hakuna bluu! Akaenda zake akitikisa kichwa.

Nimemwandikia Tatu arudi upesi, aje na mbegu za mahindi za kutosha ekari tano.