Taarifa Kuhusu Kioo cha Maliwato ya Mkurugenzi

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Vibali vya Vibanda, Kanda ya Tandale, inautangazia umma kwamba Jumatatu ya tarehe 7 Machi, 1994, saa tatu na robo asubuhi, maliwato ya Mkurugenzi iliingia rasmi katika zama za soko huria. Siku hiyo tulifunga kioo cha umeme kutoka Dubai, chenye taa inayojiwasha yenyewe. Yamesemwa mengi tangu hapo, hasa na akina mama wa kwenye benchi. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Kioo, kwa hiyo nisikilizwe mimi. Hao wengine ni wapiga domo tu.

Jina langu ni Alfonsi, Afisa Utawala Mwandamizi Daraja la Pili. Kazi ya ofisi yetu ni nyepesi kuieleza. Mtu akitaka kuweka kibanda, awe muuza vitumbua au fundi viatu, lazima apate kibali chenye mhuri wa Mkurugenzi. Na Mkurugenzi wetu, Bwana Mwinshehe, ni kiongozi mwenye majukumu. Ana kuku Goba, na ana nyumba inayopandishwa Mbezi Beach, na kuku na mafundi wote hawataki kuachwa peke yao. Kwa sababu hiyo, ofisini aliwakilishwa na koti.

Lilikuwa koti la kijivu, la suti, likikaa kwenye mgongo wa kiti chake. Mwananchi akichungulia akaliona, anajua bosi yupo, katoka kidogo, anarudi sasa hivi. Anakaa kwenye benchi anasubiri. Utaratibu huu tumekuwa nao miaka sita na haujawahi kulalamikiwa kwa maandishi.

Aliyeutunza ni Bi Chausiku, mhudumu wetu, mwenyeji wa Tandale, mwaka wake wa kumi na nane kazini. Asubuhi alipiga deki, akalikung'uta koti, akalivalisha kiti, kisha akawasha taa ya maliwato ya bosi. Maliwato hiyo ina kidirisha cha juu kinachotazama korido yenye benchi. Vioo vyake ni vya ukungu, mtu humwoni, ila mwanga unauona. Bi Chausiku aliwasha, baada ya nusu saa akazima, saa tano akawasha tena. Benchi likaambiana, "Yumo huyo, ananawa." Watu wakatulia.

Sasa Wizara ikaleta barua. Kila ofisi ipunguze nafasi moja ambayo kazi yake haionekani, na Tume itapita mwezi huohuo kuhakiki. Bwana Mwinshehe alirudi kutoka Goba siku ileile, unyoya mmoja wa kuku ukiwa begani, akaitisha kikao. Kwa bahati njema, Bwana Hyder, mwenye duka la vifaa vya umeme, alikuwa amemletea kioo kama zawadi isiyohusiana kabisa na kibali chake.

Bwana Hyder mwenyewe alikuja kutueleza. Kioo kina namna tatu za kujiwasha, unachagua kwa kitufe cha nyuma. Namna ya Kwanza, kina jicho dogo chini yake, na jicho likiona mtu anatikisika, taa inawaka. Lisipoona kitu kwa dakika tano, inazima. Namna ya Pili, taa inawaka yenyewe kukiwa na giza. Namna ya Tatu ni ya saa. Hiyo tuliikataa palepale kwa sababu ya mgao. Umeme ukikatika saa inasimama, na ukirudi inadhani ndiyo kwanza usiku wa manane.

"Weka ya kwanza," alisema Mkurugenzi. "Nikiingia inawaka, nikitoka inazima. Sasa Chausiku wa nini?"

Kamati ilitafakari kwa kina, kwa muda wa soda moja, ikaona kweli. Nikaandika barua, nikaisaini, nikampelekea jikoni alikokuwa akisuuza vikombe.

Aliisoma polepole. "Bwana Alfonsi, mie mjane. Nina wajukuu wanne pale nyumbani, wanakula kwa mkono huu huu. Leo naachishwa kazi na kioo?"

"Hukuachishwa na kioo, Bi Chausiku. Umeachishwa na muundo. Kioo kinakaimu tu."

"Na watu wakiuliza kama bosi yupo, hicho kioo kitawajibu?"

"Kioo hakina mamlaka ya kujibu wananchi," nilimwambia. "Mpaka mwisho wa mwezi utaendelea na deki na koti. Ila maliwato ya bosi ni marufuku kuingia, na swichi yake ni marufuku kugusa. Imo humo kwenye barua, aya ya tatu."

"Haya, baba. Nimesikia. Sigusi."

Nakiri kwamba lile "haya, baba" lilinikaa vibaya. Siku ile nilishindwa hata kumaliza chapati zangu.

Na kweli hakugusa. Jumanne kidirisha kilikuwa giza. Jumatano giza, Alhamisi giza. Koti lipo, limekung'utwa vizuri, lakini benchi lilikwishazoea kutazama juu. Alhamisi saa sita akaniita Bi Zuena, mama ntilie wa sokoni Tandale, aliyekuwa na mwezi wa tatu akifuatilia kibali huku mgambo wakiwa wamemmwagia wali wake mara mbili.

"Mwanangu, tangu Jumatatu taa ile haijawaka. Bosi wenu hanawi?"

"Bosi yupo, mama. Si unaliona koti?"

"Koti naliona. Lakini mie sikuja kuomba kibali kwa koti."

Benchi zima likacheka. Nikaona kuna ishu. Ijumaa Kamati ikakaa dharura, ikabaini kwamba Namna ya Kwanza ina kasoro ya kiufundi, yaani inasema kweli. Tukahamia Namna ya Pili. Na kwa kuwa mchana maliwato hupata mwanga wa nje, tuliziba dirisha la nyuma kwa mafaili ya mwaka 1979. Giza likapatikana, taa ikawaka, Mkurugenzi akarudi kwa kuku wake akiwa na amani.

Jumatatu benchi lilipoona mwanga, lilipiga makofi. Saa nne taa inawaka. Saa nane inawaka. Tulipofunga ofisi inawaka, na tulipofungua Jumanne bado inawaka.

"Huyu mtu yumo chooni toka jana," alisema Bi Zuena.

"Tumbo hilo," alisema fundi viatu mmoja. "Mie nililipataga mwaka juzi, niache kabisa."

Habari ikashuka mpaka sokoni. Jumatano Bi Zuena alikuja na chupa ya chai iliyojaa maji ya sukari na chumvi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mpelekee mgonjwa. Kanikalisha hapa miezi mitatu, lakini siwezi kumwacha akauke."

Nilipokea chupa kwa niaba ya ofisi. Nilitamani ardhi inimeze, maana yule mama hakuwa na utani hata kidogo. Pembeni yake alikaa mama mwingine, mwenye miwani na kikapu, mtu mkimya, ambaye naye tangu Jumatatu nilikuwa namwambia kila asubuhi kwamba bosi anarudi sasa hivi. Alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Nilidhani ni mahitaji ya sokoni.

Saa tano akaingia bwana afya, pampu ya dawa mgongoni, barakoa puani.

"Nimeambiwa kuna mtu anaharisha siku ya tatu. Yuko wapi?"

Hapo ndipo uzoefu wangu wa utawala ulipojaribiwa. Nikisema yupo, mlango unavunjwa. Nikisema hayupo, nimekuwa mwongo mbele ya umma. "Mkurugenzi," nilimjibu, "yupo kiutawala."

"Kajifungia?"

"Kiutawala, ndiyo."

Alinipita. Benchi lote likamfuata, Bi Zuena mbele na kikombe mkononi. Mlango wa maliwato haukuwa hata umefungwa. Ndani kioo kilikuwa kinawaka kwa nguvu zake zote, kikimulika sinki kavu, sabuni ambayo haijatolewa kwenye karatasi yake, na nyuso zetu sote tumebanana mlangoni. Bi Zuena alichungulia nyuma ya mlango, kwa uhakika zaidi. Bwana afya, ambaye hakutaka kurudi na dawa, alilipulizia koti.

Yule mama wa miwani akafunga daftari. "Naitwa Eufrazia," alisema. "Natoka kwenye Tume." Kisha akamgeukia Bi Chausiku, aliyekuwa amesimama na ndoo yake. "Zamani taa ya humu nani alikuwa anaiwasha?"

"Mie."

"Kila siku?"

"Kila siku, miaka sita. Na koti nalikung'uta."

"Na mwenye koti?"

"Anakujaga mwisho wa mwezi."

"Sasa mwezi huu mbona hukuiwasha?"

"Nimekatazwa kwa barua." Akaitoa kifuani, kwenye fundo la kanga, imekunjwa mara nne. Bi Eufrazia aliisoma mpaka mwisho, akaitazama saini, akanitazama mimi, akaitazama tena saini.

"Na mhuri wa vibali uko wapi?"

Mimi sikujua. Miaka sita nimekuwa naambiwa mhuri anao bosi.

"Umo kwenye droo," alisema Bi Chausiku. "Ufunguo mfuko wa kushoto wa koti. Nausikia kila nikikung'uta."

Kabla ya adhuhuri Bi Zuena alikuwa na kibali chake. Kilinuka dawa ya bwana afya, lakini kilikuwa na mhuri.

Taarifa ya Tume ilikuja kabla ya mwezi kwisha, na kwa kuwa mimi ni Afisa Utawala ndiye niliyetakiwa kuisoma kwa sauti, Bwana Mwinshehe akiwa amesimama mbele yangu. Ilisema nafasi moja imepunguzwa, ambayo ni ya Mkurugenzi, kwa kuwa ofisi imethibitika kuendeshwa bila yeye kwa miaka sita. Koti arudishiwe mwenyewe. Bi Chausiku aendelee na kazi, na ndiye atakayetunza ufunguo. Bwana Mwinshehe alilipokea koti lake, akalivaa. Lilikuwa limembana, amenenepa tangu alinunue.

Aya ya mwisho ilihusu kioo. Tume iliona kuwa ni chombo kizuri, kisipotezwe. Kimehamishiwa ukutani mbele ya meza yangu, kikielekea kwangu, na taa yake inaonekana vizuri kutoka kwenye benchi. Kimerudishwa kwenye Namna ya Kwanza na kitufe kimefungwa kwa gundi.

Napenda kuuhakikishia umma kwamba mabadiliko haya nimeyapokea kwa moyo wa kizalendo. Taarifa hii nimeiandika hapa hapa ofisini, saa za kazi, bila kutoka. Tatizo dogo ni kwamba mtu akifikiri kwa kina hutulia, na jicho la kioo halitambui kufikiri. Ndiyo maana kila baada ya dakika tano anapita Bi Chausiku na ufagio wake, anachungulia, na ananiambia kwa upole, kama anavyoniambia sasa hivi:

"Bwana Alfonsi, inua mikono. Wanasema hupo."