Ujumbe Mmoja kwa Ukoo Mzima

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena na kitu ninachokilipia mwenyewe kila mwezi.

Wengi humu kwenye kundi mnanijua. Mafuru wa Mwigobero, Musoma, mwenye duka la nyavu, kamba, taa za sola na mabeseni. Wengine hamjawahi kuniona ila mnapataga meseji zangu: "Mpendwa fulani, asante kwa kuja dukani, taa inawaka vizuri?" Mkajisemea, huyu jamaa ana utu. Sina. Siyo mimi ninayeandika. Ni mfumo, programu fulani iko kwenye kompyuta ya dukani, inawaandikia watu yenyewe mimi nikiwa nakula ugali.

Nianze na nyumbani ili mnielewe. Mke wangu Nyangeta alirudi kwao Butiama mwezi uliopita. Sikuwaambia. Mkiniuliza shemeji yuko wapi nilikuwa nawajibu yuko shamba. (Shamba lipi? Sina hata shina la muhogo.)

Chanzo ni mimi. Bibi yake, aliyemlea tangu mdogo, alifariki. Siku ya mazishi ikaangukia siku ya semina Bunda, semina ya wafanyabiashara kuhusu kujenga uhusiano wa kudumu na wateja. Nilikuwa nimeshalipia. Nikatuma mchango na kreti za soda, halafu nikamwambia Nyangeta maneno ambayo nikiyakumbuka nataka kujizaba kibao. "Bibi ameshakufa, haondoki tena. Semina ni ya leo tu."

Alinitazama, akafunga kanga zake, akaenda kuzika peke yake. Mimi nikaenda Bunda kujifunza uhusiano.

Na nilijifunza kweli. Mwalimu alisema mteja hataki kampuni, anataka mtu. Alisema mteja akipotea umtafute mapema kabla hajazoea duka la jirani, na usione haya kumwomba radhi hata kama kosa hulijui. Mimi natingisha kichwa tu. Wiki ile ile nikamleta kijana wa kufunga mfumo, nikasajili kila aliyewahi kununua kitu kwangu. Wakwe zangu wote nikawasajili. Hata Nyangeta nikamsajili, kwa sababu anachukuaga vitu dukani na mimi nilitaka kila kinachotoka kionekane. Akawa mteja namba moja. (Mke wa ndoa ya kanisani, mteja namba moja.)

Sasa kuna meseji moja ya mteja aliyepotea. Mtu akimaliza mwezi bila kununua, mfumo unamtumia wenyewe, saa nane mchana, na kwake inaingia kwa namba yangu ya simu kabisa. Saa nane kwa sababu mwalimu alisema saa hizo watu wameshakula, mioyo imelainika. Maneno yake niliyatunga mwenyewe, nikabishana na yule kijana asubuhi nzima. Yeye alitaka tuandike "tunakukosa". Nikamwambia hapana, andika "pamepoa", hilo lina uchungu.

Wakati huo Nyangeta alikuwa anasubiri nimwombe radhi. Hakusema kama anasubiri, ila mtu anayesubiri unamwona. Lakini mimi ni mtoto wa Murangi bwana, kule ziwani, kwetu mwanaume anaomba radhi kwa samaki. Nikanunua sato mkubwa, nikamwekea jikoni. Akampika vizuri, akanipakulia, yeye akala ugali na mchicha.

Mwisho ndugu zake wakaja na gari kumchukua. Walikuja baba yake mkubwa, mzee Wambura, na kaka yake, Marwa, na mama mkwe mwenyewe akabaki kwenye gari. Walipita dukani kuniaga. Mzee Wambura akachukua taa ya sola. Marwa akachukua kamba ya kufungia ng'ombe, na beseni la mama yake. (Hasira ni hasira, bei ya ukweni ni bei ya ukweni.) Nikaingiza vyote kwenye mfumo, kila kitu kwa jina la mwenyewe, wakaondoka. Nyangeta hakuchukua kitu siku ile. Mara ya mwisho yeye alichukua chupa ya chai, siku chache nyuma.

Tangu hapo ukweni wote wakasusa duka. Na mimi nikasusa kupiga simu.

Juzi Marwa akanipigia yeye. Akasema, shemeji, njoo Jumamosi, dada amelainika. Nikauliza amelainishwa na nini. Akacheka, akasema acha kujifanya, wewe mwenyewe unajua ulichofanya. Mimi sikujua chochote. Nikaona basi, ukimya wangu umefanya kazi. Nikamtambia Mzee Masatu, jirani yangu mwenye duka la unga, kwamba mwanamke ukimkaushia anarudi mwenyewe. (Mkinihukumu, anzieni hapo.)

Basi leo asubuhi tumetoka Musoma kwa teksi, mimi na Mzee Masatu, yeye akiwa msemaji wangu. Nimevaa shati la harusi. Sukari ipo, majani ya chai yapo, kitenge cha mama mkwe kipo. Butiama tumepokelewa vizuri mpaka nikaogopa. Tumekula kuku, tumenawa, tumekaa.

Mnielewe jinsi tulivyokaa. Wanaume sebuleni. Nyangeta kwenye kigoda karibu na baba yake mkubwa. Mama mkwe kwenye mlango wa jikoni, amenipa mgongo, kama inavyotakiwa. Kwa msiojua mambo ya ukweni huku kwetu, mama mkwe humtazami usoni, humpi mkono, na jina lake halipiti kinywani mwako hata ukibanwa na mlango. Hata kwenye mfumo jina lake aliliandika Nyangeta, mimi nikatazama pembeni.

Mzee Masatu akaongea maneno mazuri ya kiutu uzima. Mzee Wambura akamgeukia Nyangeta, akamuuliza mwenzetu huyu ulisema humtaki hata kumsikia, leo umekubali kwa nini? Nyangeta akatoa simu. Akasema baba, mimi nilikuwa nataka neno moja tu kutoka kwa huyu mtu, na wiki iliyopita aliniandikia. Akasoma.

"Mpendwa Nyangeta, naona siku nyingi hujaja. Kama nilikukosea, nisamehe, sikukusudia. Bila wewe hapa pamepoa. Rudi, nakusubiri. Wako, Mafuru."

Lilipofika "pamepoa" nikaitambua meseji ya dukani.

Mama mkwe akajifuta macho na ncha ya kanga, nilimwona kwa pembeni. Mzee Wambura akasema ameishi miaka yake yote, hajawahi kumsikia mwanaume wa ziwani akiomba radhi kwa maandishi. Marwa akanipiga bega. Na Nyangeta, jamani, Nyangeta alikuwa ananitazama. Sijatazamwa vile tangu tuoane. Nilimpenda pale mpaka kifua kikauma.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Angesema mke wangu, ile ni ya dukani, lakini maneno ni yangu, nisamehe kwa yote mawili. Yangeisha. Mimi nikainamisha kichwa na kusema kwa sauti nzito, "Niliiandika machozi yakinitoka." (Machozi! Siku naiandika nilikuwa natafuna karanga.)

Mzee Masatu akaguna kwa huruma. Nyangeta akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na begi lake limeshafungwa. Akaliweka mlangoni. Nikaona nimeshafika nyumbani na mke wangu, nimeshapakuliwa chai.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mpaka saa nane.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya mama mkwe, huko mlangoni. Macho yake hayaoni herufi ndogo, akampa Marwa amsomee. Marwa ni mtu wa kusoma kwa nguvu, anasomaga hata mabango ya barabarani. Akaanza, "Mpendwa Wegesa, naona siku nyingi hujaja."

Akaishia hapo, akanitazama. Wegesa ndilo jina la mama mkwe wangu. Mimi mkwe wake nimemwita kwa jina lake, mbele ya shemeji yake, nikamwita na mpendwa juu.

Mzee Wambura akasema endelea. Nikamwombea Marwa apofuke hapo hapo. Akaendelea, sasa polepole. Kama nilikukosea, nisamehe. Bila wewe hapa pamepoa. Rudi, nakusubiri. Wako, Mafuru. Mama mkwe akavuta kanga mpaka ikafunika uso mzima.

Kabla hajairudisha simu ile, simu ya Marwa mwenyewe ikalia mkononi mwake. Akaangalia. "Mpendwa Marwa." Hiyo hakuimalizia. Halafu ikalia ya Mzee Wambura, kwenye mfuko wa koti. Mzee akavaa miwani taratibu, akaisoma yote kimya, midomo ikicheza, akavua miwani, akanigeukia kwa heshima zote.

"Mkwe, hebu tueleze vizuri. Unataka nani arudi? Maana hapa tumeitwa wote."

Sebule ikapasuka. Marwa alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Huko jikoni wanawake walicheka hadi sufuria ikaanguka. Msemaji wangu, Mzee Masatu, niliyemlipia nauli, alijifunika kofia usoni, mabega yakimtikisika. Ikabidi nieleze. Nikaeleza mfumo, mwezi mmoja, saa nane, beseni, kamba, taa. Kila nilipoeleza walicheka upya. Na mimi nikaanza kucheka kidogo, nikidhani labda itapita kama mzaha.

Nyangeta hakucheka. Wakamwona, wakanyamaza mmoja mmoja.

"Ile yangu, nani aliandika?" akaniuliza.

"Niliandika mimi."

"Ukimwandikia nani?"

Nikasema wateja.

Akatingisha kichwa, hana hata hasira, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Akaniambia haya, niko hapa, huna simu mkononi, niambie sasa. Wakwe wote wananitazama. Mzee Masatu ananikonyeza, sema mwanangu. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nilikuwa na mengi ya kusema, naapa yalikuwepo, nilikuwa nayo mwezi mzima yananikaba. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni hiki.

"Mpendwa Nyangeta, naona siku nyingi hujaja..."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Wambura aliangalia viatu vyake. Niliona afadhali nimezwe na ardhi ya Butiama, maana kichwani mwangu mote hamkuwa na maneno mengine. Semina ya Bunda ilikuwa imeyafagia.

Nyangeta akaniambia, kwa upole kabisa, "Mimi usiniambie tena kitu. Nenda nyuma ya nyumba ukamwambie bibi. Bibi hana simu."

Nikaenda. Ungefanya nini? Kaburi liko nyuma ya nyumba, upande wa migomba, saruji yake bado mpya, mashada yamekauka juu yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulikanyaga eneo lile tangu azikwe. Yule bibi alikuwa ananiita mume wangu, kwa utani wa mabibi. Nikienda pale alikuwa ananifichia paja la kuku. Nilisimama na shati langu la harusi, ukoo umejipanga kwenye kona ya nyumba wananichungulia, na nikasema. Nilichosema siandiki humu. Hakikuwa kizuri, kilikatikakatika, makamasi yalikuwepo. Hakikuanza na mpendwa.

Nilipogeuka, watu walikuwa wameshaondoka pale konani. Nikarudi sebuleni. Begi mlangoni halikuwepo.

Nikafikiri limeshapelekwa kwenye gari. (Binadamu tunatumaini sana.) Nikachungulia gari, halimo. Mzee Wambura akanisindikiza, akanishika mkono, akasema mkwe, tumekusikia tuliokusikia, lakini yeye amesema bado. Uje siku nyingine, uje na miguu yako, huyu mzee wako mwache auze unga. Nikauliza siku gani. Akasema siku ukiwa huna la kuuza.

Tulipokaribia Musoma Mzee Masatu akatoa simu yake, akaitazama, akaniuliza kama na yeye yumo kwenye ule mfumo. Nikamwambia yumo. Akaizima.

Nimefika dukani nimeuondoa mfumo wote. Sasa nyie ndugu zangu, chekeni, mmeshaanza najua. Na wateja wangu mliomo humu, mkikaa mwezi bila kuja dukani, kaeni kwa amani, simtafuti mtu. Ninayemtafuta ni mmoja tu, na yeye meseji zangu hazifungui tena.